Si mtoto wa konokono wala jiwe la sikio la samaki: ni gamba la ngisi wa kilindini

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku kusini mashariki ya Unguja. Tangu kusi lishike, wanafunzi wangu wanaokota pwani vidude vyeupe vilivyojikunja mviringo, vyepesi mno, vyenye mistari inayokata kwa upana. Vikubwa havizidi sentimita 3. Watoto wanasema ni konokono wachanga waliokufa kwa sababu bahari imechafuka. Mwalimu mwenzangu anasema ni kitu cha ndani ya sikio la samaki, na kuna bibi hapa mtaani huvisaga akatia unga wake kwenye sikio linalotoka usaha. Darasani nina mtoto ambaye sikio lake linatoka maji, huu mwezi wa pili, na mama yake ameniuliza kama ajaribu. Kwenye simu nimeona wameandika kwamba ni ngisi. Sielewi. Ngisi ninayemjua ana kijiti chembamba mgongoni kinachopitisha mwanga, hana gamba. Huyu ni ngisi gani, anaishi wapi, mbona wavuvi wetu hawamleti? Na wingi huu ni dalili ya balaa?"*

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Naanza na mtoto, maana hilo haliwezi kungoja. Mwambie mama yake asitie unga huo. Sikio linalotoka maji au usaha kwa wiki nyingi mara nyingi kiwambo chake kimetoboka, na unga ukitiwa unapita hapo hadi ndani kabisa, pamoja na mchanga na vijidudu vya pwani. Gamba hilo ni chokaa tupu, madini yale yale yanayojenga matumbawe na makombe, wala halina dawa ndani yake. Mtoto apelekwe kituo cha afya wiki hii, sikio litazamwe kwa taa na lisafishwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa sasa asiogelee, na akioga maji yasiingie sikioni. Akipata homa, uvimbe nyuma ya sikio, maumivu makali, kizunguzungu, au uso ukipinda upande mmoja, asingojewe hata siku moja, apelekwe hospitali moja kwa moja. Na huyo bibi zungumzeni naye kwa heshima. Anataka watoto wapone, na akielewa kuhusu kiwambo atakuwa wa kwanza kuwaelekeza wenzake kituoni.

Sasa tuje kwenye vidude vyenyewe. Simu yako haikukudanganya. Ulichonacho ni gamba la ndani la ngisi mdogo anayeitwa kitaalamu Spirula spirula, nami nitamwita Spirula. Kiwiliwili chake hakizidi sana sentimita 4.5, na hata ukimpima na minyiri iliyonyooshwa hafiki urefu wa kiganja cha mtu mzima. Konokono huishi ndani ya gamba lake. Kwa Spirula mambo ni kinyume: gamba ndilo limo ndani ya mnyama, nyuma ya kiwiliwili, limefunikwa kwa nyama na ngozi. Kazi yake si ya nyumba, ni ya mfupa na chombo cha kuelea kwa pamoja. Ndiyo maana hutaona hata moja lenye mdomo mpana ambao mnyama angeweza kujificha.

Ngisi wa sokoni ana kile kijiti, umesema kweli. Dome, jamaa wa ngisi, naye ana ule mfupa mweupe mwepesi ambao watu huwawekea ndege kwenye vizimba wadonoe. Vyote hivyo ni mabaki ya gamba ambalo mababu wa wanyama hawa walikuwa nalo zamani sana. Kwa ngisi limebaki kijiti, pweza wengi karibu hawana kitu, dome amebaki na ubao wenye matundu ya hewa. Spirula peke yake, katika ngisi wote walio hai, ndiye aliyebaki na gamba la ndani lililojikunja na kugawanywa vyumba. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya kitaalamu ya viumbe, alipoliandika mwaka 1758 alikuwa na gamba tu mkononi, akaliingiza katika kundi moja na nautilasi, mnyama anayebeba gamba lake kwa nje. Usimlaumu. Magamba yalikuwa yakiokotwa kwenye fukwe nyingi za nchi za joto, ila mwenye gamba hakuonekana. Meli ya utafiti ya Challenger, ya Waingereza, ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876 na ikarudi na mmoja tu.

Nakuomba ufanye jambo hili pamoja na watoto, maana litajibu maswali mengi kuliko maneno yangu. Tia gamba kwenye bakuli la maji. Litaelea. Mawe ya sikio la samaki yapo kweli, lakini ni magumu, yameshiba, na huzama papo hapo, kwa hiyo dhana ya mwalimu mwenzako inaishia kwenye bakuli. Kisha chukua gamba lililochakaa ulivunje taratibu kwa kucha kuanzia mdomoni. Utafika kwenye ukuta mwembamba uliobonyea kuelekea ndani, unaong'aa rangi ya lulu. Uvunje huo, utakuta chumba kitupu, na mwisho wa chumba ukuta mwingine. Endelea, ni hivyo hivyo hadi katikati. Fikiria mwanzi uliopindwa ukawa mviringo bila mikunjo yake kugusana, kila kifundo kikiziba pingili yake. Gamba la mnyama mzima lina vyumba 30 hivi, wakati mwingine zaidi, na ile mistari unayoiona nje ni mahali kuta zinaposhikana na ganda. Ukilipiga msasa gamba jingine upande mmoja kwa uangalifu, vyumba vyote vitaonekana kwa mara moja.

Halafu tazama upande wa ndani wa mkunjo, ule unaoelekea katikati. Kila ukuta una kitundu hapo, na ndani ya vitundu hivyo unapita mrija mwembamba kutoka chumba cha mwisho hadi cha kwanza. Cha kwanza ni kile kijivimbe cha duara katikati kabisa, kisichofika hata milimita 1, ambacho mnyama alianza nacho akiwa ndani ya yai. Mrija huo usiupite haraka. Bila huo gamba lingekuwa mzigo tu.

Nyama ya ngisi ni nzito kidogo kuliko maji ya bahari. Ngisi wetu wa pwani hulazimika kuogelea karibu muda wote ili asizame, na kazi hiyo hula nguvu nyingi. Kilindini chakula ni haba, na mnyama mdogo hawezi kumudu gharama hiyo mchana na usiku. Spirula anaikwepa kwa vyumba vyenye gesi vinavyofidia uzito wake, akabaki amening'inia majini bila kuzama wala kupaa.

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani gesi hiyo imeshindiliwa kwa nguvu ili ishindane na mgandamizo wa maji. Sivyo. Chumba kipya kikijengwa huwa kimejaa majimaji. Utando wa ule mrija huvuta chumvi kutoka katika majimaji hayo na kuipeleka kwenye damu, na chumvi ikihama maji huifuata. Chumba kinabaki wazi, kisha gesi, naitrojeni kwa wingi, inajipenyeza yenyewe polepole kutoka mwilini. Mgandamizo wake hauzidi ule wa hewa tunayovuta sisi hapa juu, na kwa kawaida uko chini yake. Hakuna pampu ya hewa mahali popote katika mwili huo. Kinachosukumwa ni chumvi, mengine hufuata.

Maana yake ni kwamba kinachoizuia bahari isiingie ni ganda lenyewe. Kwenye kina cha mita 1,000, kila sentimita moja ya mraba inabeba uzito wa karibu kilo 100 kutoka nje, na ndani hakuna cha maana kinachosukuma kurudi. Mwanasayansi Mwingereza Eric Denton na wenzake, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, walichunguza magamba haya na kukuta yanastahimili hadi mgandamizo wa kina cha takriban mita 1,700 ndipo yanapopasuka. Mfupa wa dome huvunjika kwenye mita mia chache tu. Tofauti iko kwenye umbo: ubao bapa husalimu amri mapema, lakini neli ya duara iliyotiwa kuta za ndani kila baada ya milimita chache huugawa mzigo pande zote. Kila nikilishika gamba hili, jembamba kiasi cha kuvunjika kwa kucha, hunishangaza upya.

Mnyama mwenyewe yukoje? Kiwiliwili ni neli nene yenye ubavu wa rangi ya fedha na madoa ya wekundu wa kahawia. Kichwani kuna macho makubwa kwa umbo lake, mikono 8 mifupi na minyiri 2 mirefu zaidi ya kunasia mawindo, ambayo hasa ni viduduwashi wa bahari, jamaa wadogo wa kamba. Akitishika anaweza kurudisha kichwa na mikono yote ndani ya kiwiliwili. Nyuma, pale gamba lilipo, kuna mapezi mawili madogo, na katikati ya mapezi kiungo cha mwanga kinachotoa nuru ya kijani. Johannes Schmidt wa Denmark, aliyeongoza safari za meli ya Dana, aliwatazama wakiwa hai ndani ya vyombo vya maji na kuandika habari zao mwaka 1922. Waliokuwa kwenye vyombo walielea kichwa chini, mkia juu. Ilionekana sawa, kwa kuwa gamba lenye gesi liko mkiani. Hivyo ndivyo walivyochorwa vitabuni kwa karibu miaka 100.

Lakini picha hiyo ilikuwa na tatizo. Wanyama wengi wa kilindini wenye taa mwilini huzielekeza chini. Mwanga hafifu wa jua hushuka kutoka juu, na adui aliye chini akitazama juu huona kivuli cha windo lake. Windo likiwasha taa ya chini yenye nguvu sawa na mwanga ule, kivuli hupotea. Sasa Spirula aliyening'inia kichwa chini angekuwa anamulika juu, jambo lisilomfaa kitu. Jibu lilipatikana Oktoba 2020, pale chombo cha kuongozwa kutoka melini kiitwacho SuBastian, cha Schmidt Ocean Institute, kilipomrekodi Spirula katika makazi yake kwa mara ya kwanza, kwenye kina kinachozidi mita 800 karibu na kaskazini ya miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia. Alikuwa amesimama wima, kichwa juu, taa ikitazama chini. Wale wa kwenye vyombo walikuwa wametolewa kwenye nyavu, wamevutwa mamia ya mita kwenda juu, hoi. Ukiwaonyesha wanafunzi picha za zamani, wageuzieni kitabu.

Umeuliza mbona wavuvi hawamleti. Mchana Spirula hukaa kati ya mita 550 na 1,000. Usiku hupanda kula, mara nyingi hadi kati ya mita 100 na 300, alfajiri akashuka tena. Safari hiyo huifanya kwa kuogelea, kwa sababu kubadilisha majimaji ya vyumbani ni kazi ya polepole mno kwa safari ya kila siku. Dema, mshipi wa mwambani na nyavu za dagaa hazifiki huko. Hata mkondo kati ya Unguja na bara haumfai, maana sehemu kubwa haifiki mita 60. Ukitaka maji yenye kina chake, tazama mashariki ya kwenu, au mkondo wa Pemba unaofika mamia ya mita. Ila usiseme kwamba gamba uliloliokota limetoka hapo karibu, na hili linanileta kwenye swali lako la balaa.

Spirula haishi sana, mwaka mmoja hadi miwili kasoro. Wachanga kabisa wamenaswa kwenye kina cha mita 1,000 hadi 1,750, ndiyo maana wataalamu wanaamini mayai hutagwa chini, kwenye miteremko ya sakafu ya bahari. Hata gamba lenyewe limehifadhi habari hiyo: uwiano wa aina za oksijeni ndani ya chokaa hubadilika kulingana na ubaridi wa maji, na vyumba vya mwanzo vinaonyesha maji baridi zaidi kuliko vinavyofuata, maana yake mnyama huanza chini na kupanda anapokua. Akifa, nyama huoza au kuliwa, lakini vyumba bado vimezibwa. Gamba linapanda hadi juu na kuanza kuchukuliwa na maji.

Hapo linaweza kusafiri kwa miezi mingi. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika pwani yetu ya Afrika na kugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kupita Tanzania na Kenya. Kusi huliongezea nguvu tawi hilo na kusukuma kila kinachoelea kuelekea fukwe zinazotazama bahari kuu, kama yenu. Tazama magamba machache kwa makini: baadhi yana vijikombe vidogo vyenye shina, viumbe wanaojishikiza kwenye chochote kinachoelea. Vikiwa vikubwa, ujue gamba limekuwa safarini muda. Kwa hiyo mlichokiokota ni wafu wa kawaida wa eneo kubwa mno na wa muda mrefu, waliokusanywa na upepo mahali pamoja. Wingi wake unaeleza habari za upepo na mkondo. Haukuambii kwamba kuna kilichowaua.

Sitaki kuwatuliza watoto kwa uongo lakini. Plastiki wanayoiona kwenye mstari ule ule wa maji ni uchafu kweli, na bahari inayonyonya hewa ya ukaa inazidi kuwa na tindikali, jambo linalowapa tabu viumbe wanaojenga chokaa. Hofu yao ina msingi, ushahidi waliouchagua ndio usiofaa. Spirula mwenyewe, katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, yumo kwenye kundi lisilotia wasiwasi mkubwa.

Kuokota machache kwa ajili ya darasa hakumdhuru mtu, kwani mwenye gamba alishakufa zamani. Isipokuwa ndani ya hifadhi za bahari, kama Chumbe, ambako hakuokotwi kitu. Mgeni akitaka kubeba makombe nje ya nchi, mpelekeni kwa maofisa wa uvuvi aulize kibali kwanza. Na mkiwa pwani wakatazeni watoto kabisa kushika konokono wa umbo la pia wenye madoa mazuri, akiwa hai. Baadhi yao huchoma kwa sumu inayoweza kuua, na haina dawa ya kuizimua. Aliyechomwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, akimbizwe hospitali hata kama haumwi.

Jambo moja ningependa mno litokee kwenye ufukwe wenu. Mara chache, baada ya upepo mkali, gamba hufika likiwa bado na nyama. Mkilipata la namna hiyo msilioshe wala kulianika. Litieni kwenye mfuko wenye maji ya bahari, mfuko kwenye barafu, na muandike kwa penseli tarehe, saa, jina la ufukwe na upepo uliokuwa ukivuma. Pigeni picha pembeni ya rula. Kisha wapelekeeni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapo hapo Unguja. Wasipoweza kulichukua siku hiyo, ligandisheni kwenye friji. Nyama kidogo tu inatosha kusoma vinasaba na kulinganisha Spirula wa upande wetu na wale wa Atlantiki, na majina ya wanafunzi waliookota yaandikwe kwenye lebo.